Mlima Ulio Nyuma ya Choo Chetu

Nimezaliwa Kirua Vunjo, na kwa watu wa Dar es Salaam hilo ni kosa linalohitaji maelezo. Ukitaja tu kwamba kwenu ni Kilimanjaro, wanakuuliza kuhusu mbege, wanakuuliza Krismasi unapanda basi lini, kisha linakuja lile swali ninalolichukia: "Kwa hiyo Mlima umeshapanda?" Ukijibu hapana, mtu anakutazama kama uliyekiri kwamba mama yako mzazi hujawahi kumsalimia. Jirani yangu mmoja, mzaliwa wa Kigamboni, aliniuliza hivyo mbele ya wanangu. Nikamuuliza yeye, aliyezaliwa ufukweni, kama ameshaogelea hadi Unguja. Akasema hiyo ni habari nyingine. Mpaka leo sijaona unyingine wake uko wapi.

Mlima kwetu uko nyuma ya choo. Sisemi kwa dharau, naeleza ramani. Unatoka asubuhi na mswaki mdomoni, unazunguka choo, na kilele cha Kibo hiki hapa na theluji yake. Ikifika saa tatu wingu linashuka linakifunika, nasi tunajua muda wa chai umefika. Miaka hamsini na minne nimeishi na Mlima kwa adabu: hauniingilii, siuingilii. Mama na mashangazi zangu walikuwa wakipanda hadi nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili Wachaga wakate kuni na majani, na walishuka na mizigo ambayo mimi leo ningeikodishia pikapu. Hawakupiga picha. Hawakuvaa kofia zenye kamba kidevuni. Walikwenda kwa sababu ng'ombe alikuwa na njaa. Mtu aliyepanda kule akarudi mikono mitupu hakuitwa mpanda mlima, aliitwa aliyepotea.

Sasa nieleze nilivyopotea.

Novemba nilikwenda nyumbani kwa ajili ya kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, kule juu, ambako masale yametembea. Msomaji wa pwani asishangae: kwetu mpaka unapandwa masale, ule mmea wenye majani marefu, na mpaka wa masale ni mpaka wa heshima. Lakini upande wa binamu yangu masale yale yana miguu. Kila ninapokuja likizo yamesogea hatua mbili kuelekea kwetu. Kikao kilipangwa Jumamosi saa nne, mwenyekiti akiwa baba mkubwa, mzee wa miaka themanini na mbili anayesikia anachotaka kusikia. Mimi nilitakiwa kutoa ushahidi dhidi ya binamu ambaye mwezi wa nane alinikopesha laki tatu. Unaona hali ilivyo.

Ijumaa jioni, tukila machalari, mtoto wa kaka yangu akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Huyu kijana alianzia upagazi mlimani, na wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Siku hizi ni mwongozaji mwenye leseni, ila jina la Mgumu limemganda. Akasema, "Bamdogo, kesho sina wageni. Twende nikupandishe hadi Mandara na Maundi, tunarudi siku hiyohiyo. Matembezi tu."

Nilisikia neno "kesho". Neno "kupandisha" nililipuuza. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi za kesho, akauliza bila kuinua kichwa: "Kule juu umepoteza nini?" Nikasema nakwenda kufanya mazoezi. Akasema, "Mazoezi ya nini, na kisima kiko bondeni?"

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu majira. Kuna watafsiri waliotuambia kwamba vuli ndiyo yale majira ya Ulaya ambapo majani hugeuka rangi ya dhahabu na kupukutika. Nimewaona kwenye televisheni wapanda milima wa Bavaria wakitembea juu ya majani hayo makavu, mashavu mekundu, thermosi mkononi, jua la kupima. Naomba watafsiri hao waje Kirua mwezi wa kumi na moja. Vuli yetu ni mvua inayokusubiri umalize kuanika nguo. Vuli yetu ni tope linalokuvua kiatu na kukaa nacho. Jani pekee linalodondoka ni la mgomba, na hilo limedondoka kwa sababu mtu amelikata. Wenye akili wanapanda Mlima Januari na Februari, au kati ya Juni na Oktoba. Katikati ya Novemba wanapanda Wazungu waliopata tiketi ya bei nafuu na watu wanaokwepa vikao.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Jambo la kwanza lililoniudhi ni kwamba ili kuupanda Mlima ulio nyuma ya choo, lazima kwanza uushuke. Njia ya watalii inaanzia Marangu, basi ukapande bodaboda, uteremke Kirua nzima hadi Uchira, ukamate Hiace hadi Himo, halafu Himo uingie kwenye Noah ya kwenda Marangu Mtoni, watu kumi na moja na kuku mmoja, ndipo uanze kupanda tena. Saa mbili na nusu tulifika langoni, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kiasi kile kile, kwa hesabu zangu za hasira, ambacho ningekifikia kwa kupanda tu shambani kwetu na kuendelea. Mgumu akaniambia ningekamatwa na askari wa hifadhi. Ni kweli. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na tangu 2005 msitu nao umo ndani yake. Mlima una mlango, na mlango hauko kwetu.

Langoni unaandika jina kitabuni: uraia, kazi, umri. Mstari uliokuwa juu ya wangu uliandikwa Ujerumani, mwalimu mstaafu, 71. Nikaandika Tanzania, mwandishi, 54, nikajisikia kijana. Hisia hiyo ilidumu kama dakika kumi na mbili.

Pale langoni kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, na iko pia ya Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa Marangu anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaongoza. Mgumu, ambaye husimulia mambo haya kwa wageni kila wiki, alinisimulia na mimi bila punguzo. Inasemekana Lauwo hakuomba kazi ile. Alikuwa anakwepa kazi ya kutengeneza barabara, akakamatwa, akapelekwa kwa chifu wao, Mangi Marealle, na pale wazee wakakumbuka kwamba ukoo wake unaujua msitu. Adhabu yake ikawa kuwapandisha wageni.

"Yaani alipandishwa Mlima kwa kukwepa wajibu?" nikauliza.

"Ndivyo wanavyosimulia, bamdogo."

Sikuuliza zaidi.

Na Meyer mwenyewe hakufika mara ya kwanza. Mwaka 1887 alikwama. Mwaka 1888 alirudi, akakuta pwani inawaka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, watu wa Abushiri wakamteka, na ilibidi alipe fidia ndipo aachiwe. Nilipofika kilomita ya pili niliyafikiria hayo kwa wivu. Kutoka Kirua hadi Marangu, njia nzima, hakuna mtu hata mmoja aliyejitolea kuniteka.

Njia yenyewe, niseme ukweli, si mbaya. Ni pana, imewekwa vidaraja na ngazi za magogo, na msitu umefunga pande zote, miti imevaa ndevu za kijani kama wazee wa baraza. Kwa mtu anayesimama ni mahali pazuri sana. Ubaya wake ni kwamba hawakuruhusu usimame. Ngazi zile zimepimwa kwa miguu ya mtu ambaye si mimi, zikiwa fupi mno kwa hatua moja na ndefu mno kwa nusu hatua, kwa hiyo unakwenda kama bwana harusi anayeingia ukumbini. Na mvua ilianza saa tatu na robo, kwa heshima kwanza, halafu bila heshima.

Wapagazi walitupita. Kanuni inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo ishirini za mgeni, na mimi nilikuwa na mkoba wenye kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, alichonifungia mama, chupa ya maji na sweta. Tuseme kilo tatu, na mbili kati yake ni kiburu. Wakanipita vijana na mitungi ya gesi. Akanipita mmoja na trei za mayai kichwani, amezipanga moja juu ya nyingine, anazungumza na simu. Nilimtazama kwa dakika nzima mpaka alipopotea kwenye kona. Hakuna yai lililotikisika. Mimi nikiwa natoka dukani kwa mangi mtaani kwetu na mayai manne kwenye mfuko, moja huwa linafika limekuwa chapati. Wote walinisalimia vizuri: "Shikamoo mzee." Mzee! Langoni nilikuwa kijana.

Kwenye kona moja Mgumu alinionyesha ua dogo, jekundu na njano, lina mkia uliojikunja. Akasema kwa sauti ya kazini, "Ua hili halioti popote duniani isipokuwa Mlima Kilimanjaro." Nikaliangalia vizuri. Limeota kandokando ya njia, chini, limekaa, haliendi popote. Kati yetu watatu ndilo lililokuwa na akili.

Saa ya pili ya safari, kiatu cha kulia kikaanza kuongea. Hivi viatu nilivinunua kwenye mtumba, viatu vya mlimani kabisa, soli nene kama tofali, na muuzaji aliniapia kwamba vimetoka Uswisi. Huenda ndivyo. Nadhani Mswisi mwenyewe alijua anachokifanya alipovitoa. Gundi ya viatu vile huoza ikikaa kabatini miaka mingi, na ikikutana na maji inakumbuka umri wake. Soli ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba: kwapu, kwapu, kwapu. Mbega waliokuwa juu ya mti, na manyoya yao meusi yenye shela nyeupe kama mawakili wa Mahakama Kuu, waliacha kula wakashuka matawi mawili wasikilize shauri.

Mgumu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alitoa mfukoni kipande cha mpira wa baiskeli, akapiga magoti topeni, akaifunga ile soli mara tatu. Nikamuuliza kwa nini anatembea na mpira. Akasema kila wiki kuna mtu.

Nikiwa nimeinama hivyo, mguu mmoja juu ya gogo, akatokea nyuma yetu bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, fimbo mbili mkononi, koti la mvua la njano. Alikuwa anapumua kama mtu aliyelala. Akaniona, akasimama, akatabasamu kwa huruma, akasema:

"Pole, pole."

Jamani. Mimi ni Mswahili wa kuzaliwa. Mtu akiniambia pole mara mbili, kiatu changu kimepasuka, mvua inaninyeshea, naelewa ananihurumia. Nikamjibu kwa adabu zote: "Asante sana, bibi, nimeshapoa." Akacheka, akainua fimbo moja, akarudia polepole kama anayefundisha chekechea: "Pole-pole!" Kisha akaongeza kwamba hakuna matata, akaondoka. Ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananipa pole. Alikuwa ananifundisha mwendo. Mwalimu mstaafu wa Ujerumani, miaka 71, alinifundisha Kiswahili kwenye mlima wa kwetu, halafu akaniacha nyuma kwa kasi.

"Huyo anakwenda hadi kilele cha Uhuru," Mgumu akasema. "Na hata si mzee sana. Mwaka 2019 alipanda Mmarekani mmoja, Anne Lorimor, akafika kileleni akiwa na miaka 89."

Nilimwomba asinipe tena takwimu. Hakusikia. Aliendelea na mkimbiaji Karl Egloff, ambaye mwaka 2014 alipanda hadi kileleni na kushuka kwa muda wa saa sita na dakika arobaini na mbili. Watu wa kawaida wanatumia siku tano au sita. Nikatazama saa yangu. Nilikuwa nimetumia saa tatu na kitu, na bado tulikuwa ndani ya msitu. Mtu kama huyo Egloff, nawaza, akifika nyumbani mapema hivyo anafanya nini?

Wachaga wana simulizi la vilele viwili, Kibo na Mawenzi, ambalo kila mtoto wa Kirua amelishwa pamoja na uji. Mawenzi moto wake ulizimika, akaenda kuomba kaa la moto kwa Kibo. Akapewa. Ukazimika tena, akarudi tena. Alivyorudi mara nyingine, Kibo akachoka, akachukua mchi akamtandika, na ndiyo maana Mawenzi amekaa vile, amechongoka na kumeguka. Utotoni nilimwona Mawenzi mvivu. Siku ile, nilipomwomba Mgumu maji kwa mara ya tatu kwa sababu yangu nilishayamaliza kwenye ngazi za mwanzo, niliangalia mikono yake kwanza kama hajashika kitu.

Mandara tulifika saa saba na nusu. Mita 2,720, wamejenga vibanda vya mbao vyenye paa la mgongo mkali, majani mafupi yamekatwa vizuri, ni mahali mtu anaweza kustaafu. Zamani palikuwa na kibanda cha Wajerumani kilichoitwa kwa jina la Bismarck. Baadaye jina likawa la Mangi Mandara wa Old Moshi, na kituo cha juu yake kikapewa jina la Horombo, Mangi wa Keni kule Rombo. Nimekubali, ni haki. Lakini nimezunguka pale, nimesoma kila kibao. Kirua Vunjo hatuna kitu. Hata choo. Na tuko karibu hivi!

Nilikaa kwenye benchi, nikafungua kiburu. Wageni walikuwa na maboksi yao: kuku, yai, keki, juisi ya embe. Kunguru mmoja mkubwa, shingo nyeupe kama kasisi, alikuwa anakagua meza moja baada ya nyingine. Alichukua keki ya Mkorea. Alichukua nusu ya sandwichi. Akaja kwangu, akakitazama kiburu kwa jicho la kulia, akakitazama kwa la kushoto, akadonoa mara moja, akafikiri. Kisha akaruka akaenda zake. Sikumweleza mama jambo hili na sitamweleza.

Hapo ndipo simu ilipolia.

Zamani mtu akiwa mlimani alikuwa mlimani. Siku hizi minara inashika, na mwaka 2022 shirika la simu la taifa lilipeleka intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720, kwa hiyo hata pale ambapo pumzi haipatikani utapatikana wewe. Alikuwa baba mkubwa.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Uko wapi? Watu wamekaa tangu saa nne."

Kilichonitoka mdomoni sikukipanga. "Niko Moshi mjini, baba mkubwa. Benki. Foleni."

Na yule kunguru, aliyekuwa amerudi kuangalia kama nimebadilisha chakula, akafungua mdomo akatoa sauti ambayo hakuna benki duniani yenye kitu cha kuitoa. Kisha kundi la wageni waliokuwa wanashuka kutoka kileleni likafika, na wapagazi wao wakaanza kuwaimbia ule wimbo wa kumpongeza mgeni, nyote mnaujua, wakipiga makofi, wakilitaja Kilimanjaro kwa sauti nne.

Baba mkubwa alinyamaza muda mrefu. "Benki hiyo," akasema mwishoni, "ina kwaya." Akakata.

Mgumu alipendekeza twende Maundi nisahau. Kreta ya Maundi iko umbali mdogo juu ya Mandara, karibu mita 2,800, na kwa sisi wa siku moja ndicho kilele chetu. Njia inatoka kwenye msitu, miti inafupika, mingine inakuwa vichaka vya ufagio, upepo unakuja na baridi ya friji. Nilipanda kipande kile kwa mikono na miguu, soli moja imefungwa mpira, nikiwa na nia moja: nikione Kibo kwa karibu, nipige picha, nimtumie yule wa Kigamboni. Mgumu alishaniambia ukisimama ukingoni unaona Kibo na Mawenzi upande mmoja, na tambarare za Kenya upande mwingine.

Tukasimama ukingoni. Niliona weupe. Mbele weupe, nyuma weupe, chini kwenye kreta weupe mzito zaidi, kama mtu amemwaga maziwa mgando. Nilisubiri robo saa. Mgumu alinyoosha kidole kwenye weupe akasema, "Kibo kiko hapo." Nikapiga picha ya kidole chake.

"Na kutoka hapa hadi Uhuru?" nikauliza.

"Bado mita elfu tatu na kitu kwenda juu."

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimama kule juu na mwenge na bendera ya taifa jipya. Shuleni tulipoimbishwa habari hiyo nilimwonea fahari. Sasa namwonea huruma pia. Mwenge ni mzito, na sidhani kama kuna aliyemwuliza viatu vyake amevinunua wapi.

Kuhusu kushuka sina mengi, kwa sababu mengi ninayotaka kusema gazeti hili halichapi. Wanakudanganya kwamba kushuka ni rahisi. Kupanda kunakuumiza mapafu, nayo mapafu yana subira. Kushuka kunauma magoti, na goti la mtu mzima halisahau. Kila ngazi ya gogo niliyoilaani wakati wa kupanda ilikuwa inanisubiri, nayo ilikuwa inakumbuka. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinagonga mbele ya kiatu kama abiria wa Noah dereva akifunga breki. Karibu na mwisho nikawa nashuka kinyumenyume, na nikiwa hivyo, mgongo mbele, nikamwuliza Mgumu habari za lile wazo lililozungumzwa na serikali mwaka 2019, la kuweka gari la kamba mlimani.

Nilimgusa pabaya. Alisimama akanieleza, mvua ikimtiririka puani: gari la kamba likija, nani atabeba yale mayai? Kila mgeni mmoja anapanda na watu watatu, wanne, nyuma yake. Wana watoto, wana ada, wana mama zao Kirua na Mwika na Old Moshi. Ukimweka mgeni kwenye kikapu cha vioo, hao wote wanakwenda kuendesha bodaboda, na bodaboda zimeshajaa. Alisema kweli tupu na sikuwa na hoja ya kumjibu. Akili yangu ilikuwa upande wake. Magoti yangu, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu, yalipiga kura tofauti.

Langoni tulitoka saa kumi na moja na nusu. Wanaofika Uhuru wanapewa cheti. Wa Maundi tunapewa nafasi ya kusaini kitabu kwamba tumetoka.

Nyumbani tulifika saa mbili usiku, na kutoka kituo cha bodaboda hadi mlangoni Mgumu alinishika mkono kama bibi arusi. Mama alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha uji. Alinitazama kuanzia kofia hadi mpira wa baiskeli.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Umeleta nini?"

Nilijipapasa. Nilikuwa na kipande cha kiburu na picha ya kidole. Mama akatikisa kichwa, akasema ng'ombe ameshinda na majani ya jana kwa sababu aliyezoea kumkatia alikuwa mlimani ananipandisha mimi. Kisha, akiwa anaongeza kuni, akanipa habari nyingine: kikao kimeahirishwa. Wazee wamesema bila shahidi hawawezi kuamua. Wamenisubiri. Ni kesho, saa mbili asubuhi, baada ya ibada ya kwanza. Na hawatakaa barazani, wamekubaliana wakakagulie mpaka hukohuko uliko.

"Mpaka uko wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kule juu," mama akasema.

Asubuhi niliamka na miguu ya mtu mwingine. Nilizunguka choo kwa kushika ukuta, mswaki mdomoni, na Kibo hiki hapa: cheupe, kimefunguka chote, kutoka bega hadi bega, Mawenzi naye kando amekaa na majeraha yake, hakuna hata uzi wa wingu. Nilikiangalia mpaka povu la dawa ya meno likanidondoka kifuani. Sikupiga picha. Simu ilikuwa ndani, na kulikuwa na ngazi mbili za kupanda.

Mama alikuwa ameshakata jani la isale. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyepelekewa isale ni vigumu kukataa kusamehe. Nililishika mkononi nikakipanda kile kilima cha shambani, kilima nilichokuwa nakipanda mbio nikiwa na miaka saba, nikitanguliza mguu wa kushoto, nikiuvuta wa kulia, nikipumzika kwenye kila mgomba. Juu kabisa, kwenye masale yanayotembea, wazee walikuwa wameshafika wote. Binamu yangu aliyenikopesha laki tatu alikuwa hapo pia, amevaa suti. Baba mkubwa, miaka themanini na mbili, alikuwa amesimama na mkongojo wake, hata jasho hana.

Nikampa isale kwa mikono miwili. Akalipokea. Akanitazama miguu, akanitazama usoni, akatazama tena miguu.

"Pole," akasema.

Mara moja tu.